Ulimi na Mizani: Somo la Sayansi Katika Tembo la Mnazi

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kila mtoto wa pwani huijua methali hii kabla hajaanza shule, na walimu wa Kiswahili huifasiri kila mwaka kuwa ni onyo juu ya sifa. Leo tunaiomba ihame kwa muda kutoka chumba cha Kiswahili, iingie maabara. Maana ndani yake mna swali la sayansi: yule aliyelionja tembo alijuaje kuwa limetiwa maji? Ulimi wake ulikuwa shahidi wa kutegemewa, au ulikuwa ukisema tu lile ambalo moyo ulitaka kulisikia?

Tuseme tuko Chwaka, kijiji cha wavuvi katika pwani ya mashariki ya Unguja, kwenye ghuba pana yenye mikoko. Alfajiri mgema ameteremsha chombo chake kutoka mnazini. Mtu mmoja ananunua lita moja ya tembo tamu, yaani lile ambalo halijawa kali, na kuliweka kivulini nyumbani kwake. Saa 6 mchana anamimina kidogo katika kikombe, anaonja, na kusema, "Bado tamu." Kisha anampa mwanawe.

Je, mtoto amepewa maji ya matunda au amepewa kileo? Katika kijiji ambacho wakazi wake wengi ni Waislamu, swali hili si dogo. Si dogo pia kwa dereva anayetaka kurudi mjini, wala kwa mama mjamzito. Hukumu ya dini na ya sheria ina wenyewe, nasi hatuingii humo. Kazi ya makala hii ni kuonyesha jambo moja: utamu wa tembo si ushahidi kwamba halina alkoholi. Tutalithibitisha jambo hilo kwa hesabu, kisha kwa majaribio ambayo shule yoyote yaweza kuyafanya bila kuhitaji hata tone moja la tembo.

MAJI YA KARARA

Maua ya mnazi huzaliwa ndani ya ala ngumu iitwayo karara. Kabla karara haijapasuka, mgema huifunga kwa kamba, kisha huikata ncha kwa kisu chake kiitwacho kotama. Majimaji ambayo mti ulikuwa ukiyapeleka kulisha maua na nazi changa sasa hutoka katika jeraha hilo, tone baada ya tone, na kupokewa na kibuyu au chupa iliyofungwa hapo. Mgema hana budi kupanda tena mara mbili au tatu kwa siku ili akate kipande kingine chembamba, kwani jeraha likikauka majimaji hukoma. Karara inayogemwa haizai nazi. Kwa hiyo mwenye shamba huchagua: nazi, au tembo.

Majimaji yanapotoka mtini huwa karibu maangavu. Kila mililita 100 huwa na gramu 12 hadi 17 hivi za sukari, na karibu sukari yote hiyo ni sukrosi, sukari ile ile itokayo katika miwa. Kipimo chake cha uasidi, yaani pH, huwa karibu na 7, ambayo ni hali ya maji safi yasiyo asidi wala besi. Hiki ni kinywaji kitamu tu, kisicho na alkoholi. Lakini hali hiyo haidumu.

NANI ANAYELICHACHUSHA?

Mwaka 1857 mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alianza kutangaza matokeo ya uchunguzi wake juu ya uchachukaji. Alionyesha kuwa kazi hiyo hufanywa na viumbe hai wadogo mno, wasioonekana kwa macho matupu. Mwaka 1897 Mjerumani Eduard Buchner akaendelea mbele zaidi. Aliponda hamira mpaka seli zake zikapasuka, akaukamua umajimaji wake, akaona kwamba umajimaji huo usio na seli hai bado uliweza kuigeuza sukari kuwa alkoholi. Hivyo ikajulikana kuwa wafanyakazi wenyewe ni kemikali zilizomo ndani ya seli, ambazo leo twaziita vimeng'enya. Kwa kazi hiyo Buchner alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1907.

Katika chombo cha mgema huingia makundi matatu ya viumbe hao. Hutoka katika mabaki ya tembo la jana yaliyoshika chombo, katika magome ya mti, na katika miguu ya nyuki na nzi wanaovutwa na utamu.

Kundi la kwanza ni hamira. Hii huikata sukrosi kuwa sukari mbili ndogo, glukosi na fruktosi, kisha huzigeuza hizo kuwa alkoholi na gesi ya kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo ndiyo ifanyayo povu. Kundi la pili ni bakteria watengenezao asidi ya laktiki, asidi ile ile iliyomo katika maziwa yaliyoganda. Kundi la tatu ni bakteria wa asidi ya asetiki. Hawa huhitaji oksijeni ya hewani, nao huigeuza alkoholi kuwa siki. Viumbe hao wanapoongezeka kwa mamilioni, tembo hubadilika rangi kuwa jeupe kama maji ya mchele.

Joto la pwani yetu, ambalo mara nyingi huwa kati ya nyuzi 25 na 32 za Selsiasi, huwafaa sana viumbe hawa. Kwa hiyo kazi huanza chombo kingali mtini. Kwa kawaida kiasi cha alkoholi hufika kileleni baada ya siku moja hivi, kikiwa asilimia 5 hadi 7 ya ujazo. Baada ya hapo siki hutawala. Wapishi wa pwani waliyajua matumizi ya kila hatua zamani sana: tembo bichi walilichemsha likawa asali, tembo linaloumuka walilitia katika unga badala ya hamira ya dukani, na tembo lililopitiliza walilifanya siki ya kutilia achari.

Hapa yafaa tulilinganishe tembo na bia. Mtengenezaji wa bia ya shayiri, mathalani ile bia nyepesi kwa rangi iitwayo pale ale ambayo viwanda vidogo vya Ulaya na Marekani hujivunia, huuchemsha kwanza mchuzi wa shayiri pamoja na maua machungu ya mmea uitwao hopsi. Kuchemsha huua vijidudu, na uchungu wa hopsi huwazuia baadhi ya bakteria wasirudi. Mchuzi ukishapoa, hutiwa hamira iliyochaguliwa. Tangu mwaka 1883, Emil Christian Hansen alipofaulu mjini Copenhagen kuikuza hamira kutokana na seli moja tu kwa ajili ya kiwanda, mtengenezaji wa bia huweza kujua ni kiumbe gani anayemfanyia kazi. Mgema hachemshi, wala hachagui hamira. Hupokea kile ambacho mti, hewa na nyuki wamempa. Ndiyo maana chombo cha leo na cha jana, kutoka mnazi ule ule, vyaweza kutofautiana.

HESABU YA SUKARI

Hamira inapoichachusha sukrosi, jumla ya mabadiliko huandikwa hivi:

C12H22O11 + H2O → 4C2H5OH + 4CO2

Kwa uzito, gramu 342 za sukrosi pamoja na gramu 18 za maji hutoa gramu 184 za alkoholi na gramu 176 za kaboni dayoksaidi. Mwanafunzi na ajumlishe pande zote mbili: kila upande una gramu 360. Hakuna kilichopotea.

Sasa tuchukue tembo bichi lenye gramu 15 za sukari katika kila mililita 100. Mililita moja ya alkoholi ina uzito wa gramu 0.789. Tukidhani kwamba hamira pekee ndiyo inayofanya kazi, tutapata hesabu hii:

Sukari iliyochachuka: hakuna. Iliyobaki: gramu 15. Alkoholi: asilimia 0.
Sukari iliyochachuka: robo. Iliyobaki: gramu 11.25. Alkoholi: gramu 2.0, yaani asilimia 2.6 ya ujazo.
Sukari iliyochachuka: nusu. Iliyobaki: gramu 7.5. Alkoholi: gramu 4.0, yaani asilimia 5.1 ya ujazo.
Sukari iliyochachuka: robo tatu. Iliyobaki: gramu 3.75. Alkoholi: gramu 6.1, yaani asilimia 7.7 ya ujazo.

Katika chombo halisi bakteria nao hula sehemu yao ya sukari, hivyo alkoholi huwa pungufu ya hesabu hii. Lakini mwelekeo ni huo huo.

Itazame kwa makini safu ya pili. Soda ya kola ina gramu 10 hadi 11 hivi za sukari katika mililita 100. Tembo ambalo robo ya sukari yake imechachuka bado lina sukari kama soda, nalo tayari lina alkoholi kama nusu ya ile iliyomo katika bia ya kawaida. Safu ya tatu inashangaza zaidi: tembo ambalo nusu ya sukari yake ingalimo, na ambalo watu wengi wangeliita tamu, lina alkoholi sawa na bia kamili.

Lugha yetu imeligawa tembo sehemu mbili, tembo tamu na tembo kali, kana kwamba kati yake pana ukuta. Katika chombo hakuna ukuta. Utamu hushuka polepole huku alkoholi ikipanda polepole, na kwa saa nyingi vyote viwili hukaa pamoja katika kikombe kimoja. Baba yule wa Chwaka hakusema uongo aliposema, "Bado tamu." Alisema kweli juu ya sukari, akadhani amesema kweli juu ya alkoholi.

UWEZO NA UDHAIFU WA ULIMI

Ulimi hutambua ladha za aina tano: utamu, chumvi, uchachu, uchungu, na ile ladha ya mchuzi wa nyama ambayo Mjapani Kikunae Ikeda aliieleza mwaka 1908 na kuiita umami. Vitabu vingine vya zamani vina mchoro wa ulimi uliogawanywa kama ramani, utamu ukiwa nchani na uchungu nyuma. Mchoro huo una makosa; sehemu zote za ulimi zenye vinundu vya ladha huweza kuzitambua ladha zote. Walimu walio na vitabu hivyo wawasahihishie wanafunzi wao.

Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha kwa kweli ni harufu inayopanda puani kutoka kinywani. Jaribu kula kipande cha embe huku umebana pua, nawe utaona jinsi kinavyopoteza uembe wake na kubaki utamu mtupu.

Ulimi ni chombo bora cha kulinganisha vitu viwili vilivyo mbele yake kwa wakati mmoja. Lakini hauna mizani ndani yake. Hauhesabu gramu. Ukishazoea utamu, husema utamu umepungua. Uchachu ukiongezeka, huficha utamu; na utamu ukiwa mwingi, huficha alkoholi. Zaidi ya hayo, ulimi husikia maneno. Mtu akiambiwa kuwa tembo hili ni la mgema hodari, hulionja kwa masikio kabla ya kulionja kwa kinywa. Hapo methali yetu yapata maana mpya: sifa haimharibu mgema peke yake, humharibu na mwonjaji.

JARIBIO LA KWANZA: VIKOMBE VITATU

Watengenezaji wa bia waliujua udhaifu huo, nao wakatafuta njia ya kuufanya ulimi useme kweli. Katika miaka ya 1940 wataalamu wa kiwanda cha Carlsberg, mjini Copenhagen, walitumia jaribio la vikombe vitatu. Mwonjaji hupewa vikombe vitatu: viwili vina kitu kimoja, cha tatu kina kitu tofauti. Haulizwi kipi ni kizuri. Huulizwa tu: kipi si mwenzao? Hadi leo jaribio hilo hutumika katika viwanda vikubwa na vidogo.

Shuleni tutatumia maji ya sukari. Chemsha maji, yaache yapoe. Tengeneza mchanganyiko wa kwanza kwa gramu 110 za sukari katika maji, ukijaza mpaka lita moja. Wa pili utengeneze vivyo hivyo kwa gramu 100. Mtu mmoja ajaze vikombe na kuviandika namba zisizo na maana, kama 417 au 852, naye asiwepo wakati wa kuonja ili uso wake usitoe siri. Kila mwanafunzi asukutue kinywa kwa maji baada ya kila kikombe. Mwenye ugonjwa wa kisukari asionje; huyo na awe mwandishi wa matokeo.

Tuseme wanafunzi ni 12. Mtu anayekisia tu ana nafasi 1 kati ya 3 ya kupatia. Kwa hiyo hata kama hakuna yeyote anayeiona tofauti, kwa wastani wanafunzi 4 watapatia kwa bahati. Wakipatia 7, bado usiseme neno, kwani bahati tupu huweza kuleta matokeo kama hayo au zaidi karibu mara 7 katika majaribio 100. Wakipatia 8 au zaidi, hapo una haki ya kusema kwamba ulimi wa darasa lako umeona kitu, maana bahati tupu huleta hivyo chini ya mara 2 katika 100. Hesabu za namna hii nazo zina deni kwa watengenezaji wa bia: William Sealy Gosset, aliyechapisha mwaka 1908 kanuni mashuhuri ya sampuli ndogo kwa jina la kujificha la "Student", alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha Guinness huko Dublin.

Ukimaliza, fanya jaribio la pili lililo gumu zaidi. Asubuhi wape wanafunzi kikombe kimoja chenye gramu 15 za sukari katika mililita 100. Saa 6 mchana wagawe bila wao kujua: nusu yao wape kikombe kile kile, na nusu wape chenye gramu 11. Waulize: je, ni sawa na cha asubuhi? Linganisha majibu ya makundi hayo mawili. Hapo darasa litaijua hali ya baba yule wa Chwaka, ambaye mchana hakuwa na kikombe cha asubuhi cha kulinganisha nacho.

JARIBIO LA PILI: MIZANI INAYOONJA

Kuanzia hapa hakuna kuonja. Mwalimu aiseme kanuni hiyo kwa sauti, na kila kilichochachuka kimwagwe mwisho wa somo.

Yeyusha gramu 75 za sukari katika maji yaliyochemshwa na kupoa, ujaze mpaka mililita 500. Tia ndani ya chupa ya lita moja. Ongeza kijiko kidogo cha hamira ya mikate na vijiko viwili vya maji ya dafu ili hamira ipate chakula kingine zaidi ya sukari. Ziba mdomo wa chupa kwa pamba. Usiifunge kwa kifuniko hata kidogo, maana gesi ikikosa njia chupa yaweza kupasuka na kumjeruhi mtu. Pima uzito wa chupa pamoja na vyote vilivyomo, uuandike. Tikisa kwa upole ili gesi itoke, kisha pima tena kila baada ya saa moja, na siku inayofuata pia.

Ukitaka kujua ni gesi gani inayotoka, ielekeze kwa mrija ndani ya maji maangavu ya chokaa. Yataingia weupe kama maziwa, na hiyo ndiyo alama ya kaboni dayoksaidi. Chokaa iliyochomwa kutokana na mawe ya matumbawe, ile iliyojenga kuta za Mji Mkongwe, yafaa kwa kazi hii: koroga kidogo katika maji, acha itulie, chuja. Usiiguse kwa mikono mitupu, wala usiiache ikurukie machoni.

Sasa tazama uzuri wa hesabu yetu. Kila gramu 176 za gesi zinazotoka huacha nyuma gramu 184 za alkoholi. Kwa maneno mepesi, gramu moja ya gesi iliyopotea ni gramu moja na kidogo ya alkoholi iliyobaki. Chupa ikipungua gramu 9.6, robo ya sukari imekwisha kuchachuka, na ndani mna kama gramu 10 za alkoholi. Ikipungua gramu 19.3, ni nusu. Mizani ya dukani, isiyo na pua wala ulimi, imeipima alkoholi bila kuigusa.

JARIBIO LA TATU: NI MAJI AU NI ALKOHOLI?

Tuirudie methali. Mtu ana tembo asilolijua. Anataka kujua kama mgema amelitia maji. Anachukua haidromita, chombo kinachoelea kwa kina kulingana na uzito wa kila mililita. Tembo bichi lenye gramu 15 za sukari lina gramu 1.056 hivi kwa kila mililita. Lililo mbele yake linasoma 1.020. Anapiga kelele: "Limetiwa maji!"

Asiharakishe. Maji humshusha msomo, kwa kuwa hupunguza sukari. Lakini uchachukaji nao huushusha, kwa sababu mbili: sukari hupungua, na alkoholi iliyozaliwa ni nyepesi kuliko maji. Tembo lililochanganywa na maji zaidi ya mara moja na nusu ya ujazo wake litasoma 1.020. Tembo safi lisilotiwa hata tone la maji, ambalo nusu ya sukari yake imechachuka, nalo litasoma 1.020 hivi. Kipimo kimoja hakiwezi kumtenga mgema mdanganyifu na mgema mwaminifu aliyechelewa njiani.

Basi tufanye hivi. Tumia maji matupu ya sukari kwa mfano wa tembo lililotiwa maji, na mchanganyiko wa jaribio la pili kwa mfano wa tembo lililochachuka. Tikisa kwanza ili gesi itoke. Pima mililita 200, usome haidromita. Kisha chemsha taratibu katika chombo cha wazi, mahali penye hewa ya kutosha, mpaka ubaki na nusu yake. Alkoholi huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi, kwa hiyo itakuwa imetoka pamoja na mvuke, sukari haitoki. Acha ipoe kabisa, ongeza maji safi mpaka ujazo urudi mililita 200, koroga, na usome tena.

Kama msomo haukubadilika, hapakuwa na alkoholi. Kama umepanda, mathalani kutoka 1.020 hadi 1.027, kiasi kilichopanda ni alama ya alkoholi iliyoondoka. Shule isiyo na haidromita yaweza kutumia chupa ya mililita 500 iliyojazwa mpaka alama ile ile kila mara. Tofauti ya misomo hiyo miwili ni gramu 3.5, ambayo mizani nzuri ya jikoni huiona. Kwa njia hiyo zidisha vipimo vyote vya jaribio ili upate cha kutosha kujaza chupa.

ATAKAYE TEMBO LIBAKI TAMU

Wako watu ambao hawataki kileo, nao wanaupenda utamu wa mnazi. Sayansi ina shauri kwao. Katika nchi nyingine zigemazo minazi, kama India na Sri Lanka, chombo hupakwa chokaa ndani kabla ya kutundikwa. Chokaa huipandisha pH, na viumbe wachachushao hupunguza kasi. Baridi nayo huichelewesha kazi yao, lakini haiikomeshi. Chombo safi husaidia zaidi ya watu wanavyodhani, kwani mabaki ya jana ndiyo hamira ya leo. Njia iliyo imara ni moto: majimaji yaliyoteremshwa sasa hivi katika chombo safi yakichemshwa hapo hapo, viumbe hufa. Yakiendelea kuchemshwa hupata uzito wa asali, ambayo sukari yake nyingi huwazuia viumbe wapya wasistawi.

Ama kuhusu baba yule wa Chwaka, hana haja ya maabara. Inatosha ajue kwamba saa zilizopita tangu chombo kutundikwa, povu lililopo, na weupe wa rangi ni mashahidi wanaopaswa kusikilizwa pamoja na ulimi, na kwamba ulimi ukisema "tamu" umejibu swali moja tu kati ya mawili. Mtoto apewe dafu.

Nasi walimu na wanafunzi tuna funzo letu. Kuonja si jambo la kudharauliwa. Watu wameishi kwa ulimi wao tangu kale, na viwanda vyenye mitambo ya kila namna bado vinaajiri waonjaji. Lakini ulimi ni shahidi mmoja. Shahidi mwema huulizwa swali lililo wazi, hufichwa jina la mshtakiwa, na maneno yake hulinganishwa na ya shahidi wa pili. Wazee walitufundisha tusimsifu mgema mno. Sayansi yaongeza: wala tusimlaumu kabla hatujapima mara mbili.

MASWALI

1. Chupa ya jaribio la pili imepungua gramu 14.5. Ni gramu ngapi za alkoholi zimo ndani, na ni gramu ngapi za sukari zimebaki?
2. Kwa nini katika jaribio la tatu ni lazima kurudisha ujazo ule ule wa mwanzo baada ya kuchemsha?
3. Tembo lililoachwa wazi siku nne lina uchachu mwingi na alkoholi kidogo. Ni viumbe gani waliofanya kazi hiyo, na kwa nini wasingeweza kama chombo kisingepata hewa?
4. Wanafunzi 12 wamefanya jaribio la vikombe vitatu, na 5 wamepatia. Mwenzako anasema, "Watano wameiona tofauti." Mjibu.
5. Tembo laweza kutiwa maji na pia kuchachuka. Buni mpango wa kujua yote mawili, ukiwa na haidromita, mizani na jiko tu. Je, ni taarifa gani juu ya tembo bichi la mnazi huo unayoihitaji kwanza?